Kochi la Mheshimiwa

Mheshimiwa alikuwa anakojoa kwenye kochi. Si kwenye zulia, si mlangoni. Kwenye kochi tu, tena upande mmoja, na fundi alikuwa amechoka.

Kochi hilo alilitengeneza mwenyewe, zawadi ya harusi kwa mkewe. Mke alikuwa msusi. Walikutana barabara ya sokoni, watu na pikipiki wanasukumana, yeye kavaa gauni la njano, kajitwika kiti cha saluni kichwani.

"Fundi, kiti hiki kinawaumiza wateja wangu makalio."

"Wewe hakikuumizi?"

"Mimi nasimama kutwa. Shona, acha maneno."

Alishona. Maneno hakuyaacha. Mwaka haukuisha wakaoana.

Mbwa alikuja baadaye. Msusi alimtoa kwenye kituo cha mbwa waliotupwa: umri umeenda, tumbo mbele, mwendo wa taratibu kama mgeni rasmi. Ndiyo maana wakamwita Mheshimiwa. Mama wa kituo alimpa msusi maelekezo. Akila tu, mtoe nje. Akijisaidia huko, msifie. Akikosea ndani, usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza kukuogopa wewe, choo hatakijua.

Msusi alifuata yote. Asubuhi majirani walimsikia uani: "Hongera, Mheshimiwa! Kazi nzuri sana, baba!" Wakacheka mpaka wakazoea. Mbwa naye akaelewa, akawa anasimama mlangoni mwenyewe akibanwa. Ila kochi.

"Mume wangu, hilo kochi lina kitu."

"Lina mkojo wa mbwa wako."

"Mbona kitandani hakojoi? Mbona anafuata kona ile ile?"

"Unanifundisha makochi sasa?"

"Nakuuliza tu, mpenzi. Usinune."

Alinuna. Mtu anayetengenezea nusu ya mtaa makochi, aambiwe la kwake lina kasoro? Akavua kitambaa, akavika kipya. Sponji akaiacha. Mbwa akarudi pale pale.

Basi siku moja mke akiwa saluni, fundi alimpakia Mheshimiwa kwenye bajaji, akamrudisha kituoni. Mbwa alipanda bila ubishi, akakaa akitazama nje. Jioni fundi alisema, "Geti lilikuwa wazi. Katoroka."

Msusi alitoka vile vile na aproni ya kazi, picha ya mbwa kwenye simu, akimwonyesha kila muuza duka. Fundi alitoka naye. Angefanyaje? Waligawana mtaa, yeye upande huu, mke upande ule, akawa anainamia mitaro akiita, "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" huku anajua hakuna wa kuitika.

Simu ikaita. "Umemwona?"

"Bado, mpenzi. Rudi ule kwanza."

"Nitakulaje, naye hajala?"

Kesho yake mke aliondoka mapema tena. Fundi akaona walau amtengenezee kochi vizuri, apate pa kukaa. Safari hii alilifumua lote. Alipoing'oa sponji ya kona ile, akaisogeza puani. Akakumbuka ilikotoka.

Sponji ile aliitoa kwenye kochi kuukuu la mteja aliyefuga mbwa. Aliiona bado nzima, akaigeuza, akaitia kwenye kochi lake, akaisahau. Pua ya mtu isingeijua mpaka uitoe. Pua ya mbwa iliijua siku ya kwanza: hapa mwenzangu alijisaidia, basi choo ni hapa.

Alikimbilia kituoni. Mama wa kituo alimtazama kuanzia viatu.

"Umechelewa, baba. Kachukuliwa na dereva wa lori la masafa marefu. Hata namba hakuacha. Na mkeo ametoka hapa sasa hivi. Alikuja kuniomba nimsaidie kutafuta, nikamwambia ulimrudisha wewe."

Fundi alipiga simu pale pale getini.

"Mpenzi, kosa ni langu. Ni sponji. Mbwa hakukosea kitu."

Kisha msusi akasema, polepole, "Jana ulikuwa unaita kwenye mitaro."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamwita nani?"

Fundi aliegemea geti.

"Ungeniambia humtaki ningelia, tungegombana, tungelala. Sasa hata ukiniambia ni saa ngapi, nitamuuliza mtu mwingine."

"Rudi nyumbani, tafadhali. Tuongee."

"Nakupenda, fundi. Hilo usilitilie shaka. Lakini nipo kwa dada, na nguo zangu atakuja kuzichukua yeye."

Alikata taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja.

Kubadilisha sponji ya kona moja ni kazi ya asubuhi moja. Kwa kukataa kuifanya, fundi alipoteza mbwa asiye na hatia, mke aliyempenda, na uzito wa neno lake. Siku hizi anasema kweli kila siku, na mle ndani hamna wa kumsikia.