Kadi za Ukoo wa Malkia

Kila siku baada ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kwa shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Shangazi alimwita Upepo, kwa sababu akitumwa chumvi alirudi kabla maji hayajachemka, mara nyingine akiwa ameleta sukari.

Shangazi alikuwa mwalimu wa lugha mstaafu. Aliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, na mchana kutwa mashine ya fundi ilisikika ikinguruma ukutani. Mezani kwake palikuwa na makasha matatu ya viatu yaliyojaa kadi. Kila kadi iliandikwa neno moja, lugha yake na maana yake. Miaka tisa alikuwa akizikusanya, ili kitoke kitabu kidogo cha wanafunzi kuhusu maneno ya Kiswahili yenye ndugu katika Kiarabu, Kiebrania na lugha nyingine za jamii hiyo. Mpiga chapa aliahidi kuja kuzichukua Ijumaa.

Tatizo lilikuwa macho. Yalikuwa yameingia ukungu, na Shangazi hakuweza tena kusoma maandishi yake mwenyewe. Alipapasa kadi kwa vidole, akachomoa moja, akasema, "Hebu nisomee hii." Karibu kila mara ilikuwa ileile aliyoitaka.

Jumatano hiyo Upepo alimkuta Shangazi amekwisha kuvaa viatu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Naenda kliniki ya macho. Nifutie vumbi makasha yale. Vumbi tu."

Hiyo "vumbi tu" iliingia sikio hili ikatokea lile. Upepo ndiye aliyekuwa msimamizi wa rafu ya vitabu darasani, na wiki iliyopita mwalimu alimsifu mbele ya wenzake kwa kuvipanga vizuri kwa alfabeti. Alipofunua kasha la pili alishika kiuno. Kadi ya malkia ilifuatwa na malik, kisha melekh, kisha malka. Halafu ikaja amlak, inayoanza na A kabisa, ndipo mamlaka na miliki. Baada ya hapo, bila hodi, kitabu. Hii ni kazi ya mwalimu, alijiuliza, au gunia la mitumba? Tena kadi nyingine zilikuwa zimekunjika pembe.

Maskini Shangazi, haoni, akawaza. Akamwaga makasha yote matatu mezani. Alipanga kuanzia A hadi Z, na kila pembe iliyokunjika aliinyoosha kwa ukucha, kisha akaikandamiza kwa kamusi nene. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtoka, na alijiona mtu wa maana sana.

Shangazi alirudi akishikilia ukuta. "Wamenitia dawa, hata mlango siuoni. Kabla hujaenda, nishikishe kasha la pili."

Vidole vyake vilipita juu ya kadi, vikarudi, vikapita tena. Havikupata kilichotafutwa. Mwishowe alichomoa moja.

"Mahari," Upepo alisoma.

"Inayofuata?"

"Malaika."

"Malaika? Baada yake?"

"Malik."

Shangazi alipapasa pembe za kadi. "Amlak iko wapi? Ilikuwa hapa hapa. Na pembe zangu..."

Upepo alitarajia kuulizwa nani kafanya kazi nzuri hivi. Badala yake aliona uso wa Shangazi umebadilika, na akaogopa bila kujua anaogopa nini. "Hivi ndivyo zilivyo, Shangazi," alisema.

Maneno hayo hayakuwa uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

"Basi si macho tu," Shangazi alisema polepole. "Na kichwa nacho kinaniaga."

Njiani Upepo alichanganyikiwa kabisa. A ni A, na B huja baada ya A. Duniani kote ndivyo. Kama kupanga ni vizuri, mbona Shangazi anahuzunika? Na kama amekosea, amekosea wapi? Alilizungusha swali hilo mpaka kwao, na hakuambulia kitu.

Alhamisi Shangazi hakuomba kusomewa. Alikaa na mikono mapajani, akauliza mara tatu kama leo ni Alhamisi. Alijua kuwa ni Alhamisi. Alikuwa tu hajiamini tena. Mara mbili Upepo alifungua mdomo, na mara mbili akaufunga. Mtu akieleza jambo asilolielewa, aanzie wapi?

Ijumaa mpiga chapa alifika, kucha zake zikiwa nyeusi kwa wino.

"Mwalimu, nimekuja kama tulivyokubaliana."

"Umepoteza safari yako bure, baba. Sitakupa."

"Kwa nini tena?"

"Kichwa changu si kizima. Nilikuwa na hakika ya mambo ambayo hayapo. Mtu wa namna hiyo akiandika kitabu atapotosha watoto wa watu. Nitampa fundi kadi hizi achoree mitindo ya mashati."

Mpiga chapa aligeuka kumtazama Upepo, kana kwamba jibu liko kwake. Upepo aliyatazama makasha. Miaka tisa inakwenda kuwa mifuko na kola.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Nilizipanga upya. Jumatano, ulipokwenda kliniki. Kichwa chako hakina kitu."

Mpiga chapa alikohoa kuficha kicheko.

"Nataka kusema hakina ubaya," Upepo alisema, machozi yakimtoka.

"Rudia tena," Shangazi alisema.

Upepo alirudia yote, tangu vumbi hadi kamusi nene.

"Na pembe?"

"Nilizinyoosha. Nilidhani zimekunjika tu."

Shangazi alijifunika uso kwa mikono na mabega yakamtikisika. Upepo hakujua kama analia au anacheka, na kusema kweli vyote viwili vilikuwemo.

"Siku mbili," Shangazi alisema alipopata sauti, "nimekaa hapa najiaga mwenyewe. Ungesema neno moja tu, Upepo."

"Sikuelewa nimekosea nini."

"Ndiyo maana ya kuuliza. Sogea hapa. Niambie, malkia lina konsonanti gani?"

Upepo alihesabu kwa vidole. "M, L, K."

"Malik?"

"M, L, K."

"Huyo ni mfalme kwa Kiarabu. Melekh, K yake imelainika tu, ni mfalme kwa Kiebrania. Malka?"

"M, L, K. Huyo ni malkia mwingine?"

"Huyo ni mfalme kwa Kiaramu."

"Mfalme? Shangazi, mbona unanichanganya?"

"Ndugu hufanana, lakini kila mmoja ana kazi yake. Amlak ni Mungu, kwa Kihabeshi cha kale. Mamlaka, M yake ya kwanza ni nyongeza tu, ni nguvu ya kutawala. Miliki, kuwa na kitu mkononi mwako. Irabu hubadilika kama nguo, lakini mifupa ni ileile mitatu. Kila pembe niliyokunja ilikuwa mlango wa ukoo mpya. Ndiyo niliyokuwa nikiipapasa."

"Kwa hiyo nimeng'oa milango yote," Upepo alisema.

Shangazi alipitisha kidole kwenye kadi ya malkia. "Karatasi ikikunjwa haisahau. Mkunjo bado upo, mwembamba. Milango tutaipata."

"Basi nitarudi Jumatatu," mpiga chapa alisema, akaondoka akitikisa kichwa.

Jumamosi na Jumapili, mchana, walifanya kazi bega kwa bega. Upepo alisoma na kung'oa irabu. Shangazi alipapasa mikunjo na kuamua. Upepo alipoleta malaika katika ukoo wa malkia, Shangazi alimrudisha. "Huyo ni jirani. Sura inakudanganya, lakini asili yake ni neno la kutuma ujumbe." Upepo alipotaka kujua mfalme akae wapi, aliambiwa huyo ana mifupa mingine, amwache kwao.

Jumatatu mpiga chapa aliporudi, Shangazi aliomba ajaribiwe kwanza. Alikaa wima, macho ameyafumba. Upepo alisoma kadi ya kwanza yenye pembe iliyokunjwa upya: "Malkia."

"Malik," Shangazi alisema kabla Upepo hajafika kwenye kadi ya pili. "Melekh. Malka. Amlak. Mamlaka. Miliki."

Upepo alifuata kwa kidole. Hakuna hata moja iliyopishana. Mpiga chapa alifunga makasha kwa kamba.

Alipokwisha kutoka, Shangazi alimshika Upepo mkono. "Kadi ulizozipanga vibaya tumezipanga tena kwa siku mbili. Lakini ulivyonyamaza ulinifanya nisijiamini mimi mwenyewe, na hilo kidogo linipotezee kitabu. Siku nyingine ukiona kitu hukielewi, uliza kabla hujakigusa. Na ukishakigusa, sema."

"Ndiyo, Shangazi."

"Haya, nenda kaniletee chumvi."

Upepo alifika mlangoni, akasimama, akageuka. "Chumvi, au sukari?"