Chaki Kwenye Jicho la Simu

Kila asubuhi Mama Pindo hufagia kibaraza chake. Hutia mafuta cherehani. Halafu hutazama ng'ambo ya barabara, na hapo ndipo siku yake huharibika.

Ng'ambo kuna duka la wifi yake, dada wa mumewe. Naye ni fundi wa nguo. Wiki iliyopita wifi alinunua kamera nyeusi yenye mkanda mwekundu. Anaivaa shingoni hata akienda chooni.

"Kama mbuzi na kengele," Mama Pindo alimwambia mumewe.

"Inakuuma?"

"Iniume kwa lipi? Nasema tu."

Lakini ilimuuma. Wateja walijaa kwa wifi kutazama picha za magauni. Kila mshono ulionekana. Picha za Mama Pindo, alizopiga kwa simu, zilikuwa na ukungu. Mteja mmoja aliuliza, "Hili gauni ni la kijani au la kijivu?" Lilikuwa la bluu. Mteja huyo akavuka barabara.

Mama Pindo hakulala vizuri. Kesho yake alifunga kwenye shuka overloki yake, ile mashine ya kuziba kingo za nguo zisifumuke nyuzi. Akaibeba hadi studio ya jirani, kwa Mzee wa Pasipoti, mpiga picha. Mzee alikuwa na kamera ya pili, na binti yake alikuwa anajifunza kushona.

"Shikamoo, Mzee. Tubadilishane. Chukua overloki, nipe kamera."

"Marahaba. Na kingo utaziba kwa nini? Kwa meno?"

"Nitajua mwenyewe. Wifi hawezi kunicheka kila siku."

"Amekucheka?"

Mama Pindo alifikiri. "Bado. Lakini anajiandaa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Hebu nione simu yako. Huwa unaiweka wapi?"

"Mfukoni mwa aproni."

"Pamoja na nini?"

"Chaki ya kuchorea kitambaa. Na kitambaa cha kufutia mafuta ya cherehani."

"Basi. Jicho la simu limejaa chaki na mafuta. Wewe ukipakwa hivyo machoni, utaniona?"

Alichukua kitambaa laini cha pamba, kikavu na kisafi. Akafuta kile kioo kidogo taratibu. Kisha akatundika shuka la Mama Pindo karibu na mlango.

"Simama hapa. Mwanga wa mlango ulipige shuka, usiingie kwenye simu. Sasa piga."

Mama Pindo alirudi nyuma, akatanua vidole kwenye kioo kikubwa cha simu ili kuvuta picha.

"Aa! Usivute, mwanangu. Ukivuta hivyo, simu inakuza tu ilichokwisha kukiona, na picha inachakaa. Sogea kwa miguu."

Alisogea. Akapiga. Maua ya shuka yalionekana yote, hata uzi uliochomoka pembeni.

"Kumbe kamera ya wifi ni urembo tu!" alisema kwa furaha.

"Usifurahie haraka. Lenzi yake inavuta kitu cha mbali kikabaki safi. Ukumbini penye mwanga hafifu, watu wakicheza, itaishinda simu yako. Hata picha kubwa ya ukutani. Lakini gauni limetundikwa mchana mlangoni, na mteja anataka kutumiwa sasa hivi? Simu inakutosha. Rudi na overloki yako."

Aliibeba tena. Ilikuwa nzito kuliko wakati wa kuja, au pengine ni aibu. Alipofika alitafuta mfuko mdogo wa kitambaa, akaitia simu humo peke yake.

Alipiga upya picha za magauni yake mlangoni, akawatumia wateja. Jumamosi wanne walimiminika kwake. Yule wa gauni la bluu alikuwa wa kwanza. Mchana wifi alivuka barabara, kamera shingoni, uso umenuna.

"Wifi, umenunua kamera gani? Mbona unanificha?"

Mama Pindo alimalizia mshono kwanza. Alitaka kuonja. Wivu wa mwingine ni mtamu jamani, tuseme ukweli. Kisha akaitazama ile kamera vizuri. Ilikuwa imelala juu ya aproni ya wifi, na aproni ilikuwa nyeupe kwa chaki.

"Sijanunua kitu. Picha zako siku hizi zina ukungu?"

Wifi aliangalia chini. "Tangu jana. Wewe umejuaje?"

Mama Pindo alivuta kiti. Akatoa mfukoni kipande cha pamba safi.

"Kaa, wifi. Vua hiyo kengele nikufundishe."