Nilichanga Kisichokuwa Changu

"Mabibi na mabwana, nani anatufungulia mlango wa heri?"

Nikangoja. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Mimi ni mshereheshaji. Miaka kumi na mmoja sasa nasimamia harusi, mahafali na ufunguzi wa maduka, na watu wamenibatiza Kipaza kwa sababu, wanasema, hata umeme ukikatika mimi nasikika tu. Ukumbi ulionuna naujua. Ule wa Jumamosi ile mchana ulikuwa umenuna haswa. Chama cha akina mama waliougua saratani ya matiti kilikuwa kinachangisha kununua mashine ya kupimia, na nesi mstaafu anayekiongoza alikuwa amewasomea watu takwimu nusu saa nzima. Bahasha zilizokuwa kwenye kapu pale mbele zilitia huruma.

Mke wangu alikuwa meza ya nyuma na walimu wenzake. Yeye ndiye aliyenituma kazi ile, akanikataza kutoza hata senti, kwa kuwa akina mama wale wa chama ni wenzake. Wenzake kweli, ila wenyewe hawakujua. Miezi minane kabla alikuwa ametolewa titi la kushoto katika hospitali ya mji mwingine, na shuleni alisema ni uvimbe wa tumboni. Hata mama yake hakuambiwa, maana alishamzika dada yake kwa ugonjwa huohuo na presha yake si ya kuchezea. Ukiacha watu wa hospitali, tulijua wawili tu. Siku aliyovaa sidiria yenye pedi kwa mara ya kwanza alisimama mbele yangu akaniuliza kama inaonekana. Nikamwambia haionekani hata kidogo. Akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu operesheni.

Sasa mtaniuliza shetani gani alinishika ulimi. Msimsingizie shetani wa watu. Nilikuwa mimi na mazoea yangu. Ukumbi ukinuna, mshereheshaji hutafuta kisa cha kuwagusa watu, na kisa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo kilikuwa kimekaa meza ya nyuma.

"Jamani, nisikilizeni," nikasema, nikishusha sauti kama tunavyofanya sisi. "Mnadhani haya ni mambo ya watu wa mbali. Mke wangu mimi, yule pale, mwaka huu amekatwa titi. Na leo mmekaa naye, amependeza, hakuna aliyejua."

Nikamwomba asimame wamwone. Ukumbi mzima ukageuka, na macho yote yakamshuka kifuani. Mimi nilikuwa juu jukwaani, niliona vizuri kabisa. Alichukua mkoba wake akaukumbatia kifuani, akabaki amekaa vilevile.

Basi watu wakachanga. Wakapanga foleni, wengine wanafuta machozi, bahasha zikaisha wakawa wanatoa mkononi. Nesi akanishika mikono akaniambia mashine imepatikana na chenji juu. Siwafichi, nilifurahi. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi, mpaka nilipotazama meza ya nyuma na kukuta kiti kitupu.

Simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe. "Kipaza umetisha!" "Kaka umetutoa machozi." Katikati ya pongezi hizo ukaingia wa mke wangu:

"Wenzako wote wamechanga vyao. Wewe umechanga changu."

Nilimkuta chumbani anakunja nguo.

"Nilifanya kwa wema," nikasema.

"Najua."

"Mashine imepatikana. Fikiria wanawake watakaopona."

"Nimefikiria, na nimefurahi. Ungeniuliza jana, mume wangu, huenda ningekubali. Huenda ningesimama mwenyewe nikasema."

"Ukumbi ulikuwa umekufa. Ilibidi nitoe kitu."

"Ndiyo. Ukanitoa mimi."

Hapohapo mama mkwe akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Mkwe wangu, ni kweli mwanangu amekatwa? Na mimi mama yake naambiwa na muuza mkaa?"

Nikasema ni kweli. Akakata simu. Mke wangu akafunga begi, akaenda kwao.

Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku hizo ulikuwa mzito kama nimeazima wa mtu. Harusi mbili niliwaachia wenzangu. Kila Jumapili nilikwenda kwa mama mkwe kuomba radhi, naye alinipokea kwa heshima zote, akanipa chai, na hakuniuliza chochote. Ndiye aliyenisimulia kwamba shuleni mtoto wa darasa la kwanza alinyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, ni lipi walilokata?" Mke wangu alimjibu, akaendelea kufundisha, kisha akaenda kujifungia chooni na machozi yake.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, alirudi. Hakutoa hotuba. Alipika, alinichekea vituko vyangu, usiku tulilala kitanda kimoja, nami nikajiambia yamepita. Kumbe bado.

Siku moja, kwenye duka la dawa, nesi mstaafu akanikumbatia mbele za watu. Hongera, akasema, chamani tuliimba mpaka sauti zikakauka siku mke wako, mwenzetu sasa, alipotuletea majibu. Daktari hajaona tena dalili ya ugonjwa. Akadhani najua. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua, nikatoka nje nikalia.

Nyumbani nilimkuta anasahihisha madaftari.

"Nimekutana na nesi," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Majibu ulipewa lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Wiki tatu, na mimi nipo humu ndani?"

"Nilikuja kukwambia siku ileile. Nilifika mpaka mlangoni, nikakusikia unaongea na simu, unacheka. Nikawaza, nikimwambia huyu, mpaka jioni mji mzima utakuwa unashangilia. Nikakaa kibarazani mpaka ulipomaliza."

"Ningenyamaza."

"Pengine. Lakini sikuwa na hakika, na ile habari niliitaka iwe yangu kwanza."

"Chama kizima kiliambiwa."

"Wale wananitunzia."

Mimi niliyeutangazia ukumbi mzima ugonjwa wake, nilikuwa wa mwisho kusikia amepona.

"Nifanye nini ili uniamini tena?" nikamuuliza.

"Sijui. Ningejua ningekwambia. Kwa leo, kaa hapa na usiseme kitu."

Nikakaa. Maneno yalinijaa kooni, yote mazuri, nikayameza moja moja. Baada ya kitambo akanisogezea fungu la madaftari na kalamu nyekundu, tukasahihisha hesabu za watoto mpaka zikaisha.

Haya mnayoyasoma ameyasoma yeye kwanza. Nilimpa simu niliyoyaandikia, nikatoka nje nikamwachia saa nzima. Amefuta sehemu mbili. Msiniulize zilikuwa zinasema nini.