Ratiba ya Shule ya Mapendano

Mwezi wa saba wa mwaka 1977, katika duka moja la vifaa vya ofisi kule Ibanda, mjini Bukavu, lilibaki boksi moja tu la stensili za kuchapia mitihani, na mikono miwili ikalishika kwa wakati mmoja.

Mmoja ulikuwa wa Bulonza, mwalimu wa darasa la nne katika Shule ya Mapendano, kule Cimpunda, juu Kadutu. Alikuwa amefunga kikwembe cha kijani chenye ndege wekundu, na udongo wa mteremko wa Kadutu ulikuwa bado kwenye viatu vyake. Mkono wa pili ulitokea kwenye abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mwenye miwani mikubwa.

"Citoyenne, ni mimi nilifika wa kwanza," kijana alisema, akimwita "mwananchi" kama serikali ilivyotaka.

"Wa kwanza wapi? Weye ulikuwa unaangalia kalamu. Nilikuona."

"Kumbe ulikuwa unaniangalia?"

Watu waliokuwa wakisukumana nyuma yao wakaangua kicheko. Bulonza alisikia uso wake ukiwaka, lakini boksi hakuliachia.

"Nilikuwa naangalia kitu chenye kinanifungia njia," alijibu.

Kijana akacheka, akaondoa mkono. "Bon. Chukua, maman. Nimeshindwa."

Bulonza alipanda Kadutu akiwa na boksi kwapani, akijikataza kutabasamu. Siku mbili baadaye, mkurugenzi wake, mtawa aliyeitwa Masera Adélaïde, alimwita ofisini. Abakosti ya kijivu ilikuwa imekaa kwenye kiti cha wageni.

"Huyu ni Citoyen Kitoga," Masera alisema. "Ofisi ya shule za kanisa imemtuma atusaidie kutengeneza programu mupya. Nimemwambia mwalimu wa kumusaidia ni weye."

Kitoga aliinuka, akaziba kicheko kwa kikohozi. "Tunajuana," alisema. "Ananifungiaka njia."

Kazi haikuwa ya mchezo. Kwa miaka mitatu serikali ilikuwa imezichukua shule za kanisa, na masomo ya dini yakafutwa. Sasa shule zilirudishwa, na kabla ya mwezi wa tisa kila moja ilipaswa kusema itafundisha nini, saa ngapi, na kwa sababu gani. Wengi walidhani jibu ni rahisi: rudisha dini, ongeza Kifaransa na hesabu, watoto washinde mtihani wa darasa la sita. Kitoga mwenyewe alikuja na ratiba ya namna hiyo mfukoni, imekwisha kuandikwa.

Bulonza aliisoma akiwa amesimama. "Batoto bangu bataimba saa ngapi?"

"Kanisani."

"Kuchora? Bustani? Michezo? Kujua mwili wao, kunawa mikono? Kujua mulima yenye banakaa juu yake inabomoka sababu ya nini?"

"Mwalimu, hii ni shule ya Kikristo. Wazazi wanangoja dini na mitihani."

"Mungu alifanya kazi siku sita," Bulonza alisema, akachukua chaki. "Alifanya maji, miti, ndege na nyota. Hakufanya hesabu peke yake. Kaa, tuanze upya."

Wakaanza upya. Kila alasiri, kwa wiki tano, walichora masaa ya juma zima ubaoni, wakayafuta, wakayachora tena. Bulonza alipotaka nusu saa ya bustani, Kitoga alimwuliza ataitoa wapi, naye akamwonyesha: vitanda vya maharagwe hupimwa, na kupima ni hesabu. Kitoga alipotaka Kifaransa zaidi, akakipata, ila kwa sharti kwamba watoto waandike walichokiona kwa macho yao. Waligombana, wakala mahindi ya kuchoma dirishani wakitazama ziwa chini, wakagombana tena.

Siku hizo majina ya ubatizo yalikuwa marufuku serikalini, ingawa nyumbani na parokiani watu waliendelea kuyatumia. Alasiri moja Kitoga alishusha sauti. "Nyumbani wanakuitaka nani?"

"Euphrasie. Na weye?"

"Floribert." Kisha akalirudia jina la Bulonza polepole, kama mtu anayeonja chai kujua kama sukari imetosha. "Euphrasie. Uko na chaki kwenye shavu."

"Toa basi."

Aliitoa kwa kidole gumba, na mkono ukachelewa kurudi. Tangu siku hiyo ratiba ilikwenda polepole zaidi, na hakuna aliyelalamika.

Kamati ya wazazi ilikutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Walimu hawakualikwa. Euphrasie alingoja nje, kwenye ngazi, katika kikwembe chake kizuri cha Jumapili. Mkutano ulipokwisha, Floribert alitoka akiwa na karatasi mbili, na hakumtazama machoni.

Euphrasie aliipokonya ya kwanza. Bustani ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu. Kuchora, kuimba, michezo, afya, mazingira: vyote vimekatwa. Chini kabisa kulikuwa na sahihi: Kitoga.

"Ulitia sahihi?"

"Phrasie, sikiliza. Papa Gaston, yule mukubwa wa kamati, alisema mutoto wake haji masomoni kulima, kulima iko nyumbani. Bote bakapiga mikono. Nilikuwa peke yangu..."

"Peke yako? Wiki tano ulikuwa na nani?"

"Kuna karatasi ya pili. Nilipata..."

"Weka karatasi yako! Ulikuja na ratiba yako mufukoni, umerudi nayo. Nenda."

Euphrasie aliondoka bila kugeuka. Jumatatu akasikia kwamba Floribert amepelekwa Kamituga kutengeneza programu za shule za huko, kwao kwa Warega. Usiku ule hakulia, maana alikuwa na hasira nyingi mno. Alilia wiki iliyofuata, akisahihisha madaftari.

Shule ilipofunguliwa, Masera Adélaïde alimwekea mezani ile karatasi ya pili. "Hukuisoma, binti yangu. Nilikuwa ndani. Bwana yule alisema hatatia sahihi mpaka waandike hii."

Ulikuwa mstari mmoja tu: darasa la nne litajaribu programu yote kamili hadi Noeli, kisha kamati itaamua kwa shule nzima.

Euphrasie aliusoma mara tatu. Aliona haya, halafu akaona kiburi kikimrudia. "Darasa moja," alisema. "Angepigania sita."

"Na weye?" Masera aliuliza. "Utapigania hiyo moja?"

Alipigania. Alifundisha dini asubuhi na kuomba na watoto, kisha hesabu, Kifaransa, na yote mengine bila kuruka saa hata moja. Waliimba kwa Kimashi na Kifaransa. Walipima vitanda, wakapanda nyasi kwenye ukingo ambao mvua ilikuwa inaula. Msichana mmoja mnyamavu, Jeanine, ambaye kuzidisha kulikuwa kumemshinda mwaka mzima uliopita, alisimama kati ya maharagwe akapiga kelele: "Mistari sita mara nane, mwalimu! Ni arobaini na nane, nimeziona!" Euphrasie alitaka kumwambia mtu. Aligundua kwamba mtu aliyetaka kumwambia alikuwa Kamituga.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili alikwenda kwenye fonia, redio ya mawasiliano ya parokia. Misheni zote zilikuwa kwenye mawimbi yale yale, na kila asemaye alimalizia kwa "nangoja" ili mwenzake ajibu, lakini ilikuwa ndiyo njia pekee.

"Kamituga, Kamituga, hapa Bukavu. Natafuta Citoyen Kitoga. Nangoja."

Mlio, mkwaruzo, halafu sauti yake: "Niko hapa. Ni nani? Nangoja."

"Ni yule wa kukufungia njia. Kamati inakutana Jumamosi ya juma lijalo. Nilisoma karatasi ya pili. Nilichelewa kuisoma. Nangoja."

"Na mimi nilichelewa kusimama. Ningesimama kwa darasa zote. Kila siku nalifikiri neno hilo. Nangoja."

"Basi njo usimame. Nangoja."

"Barabara imekatika, mupenzi. Malori yamelala kwenye matope. Nangoja."

Sauti ya tatu, ya padri mzee kutoka misheni nyingine, ikaingia: "Mwana, toka kwa miguu! Hapa tunangoja wote."

Jumamosi ilipofika Euphrasie hakungoja kwenye ngazi. Aliingia bila mwaliko, akasimama mbele ya kamati. Matokeo yalikuwa mezani: katika hesabu darasa lake lilikuwa sawa na wengine, katika Kifaransa liliwapita wote.

"Bahati," Papa Gaston alisema.

"Hapana, papa. Wengine waliambiwa waandike, hawakuwa na kitu cha kuandika." Akamsogezea daftari. "Tafadhali, soma hii kwa sauti."

Papa Gaston alivaa miwani, akasoma Kifaransa chake taratibu: jinsi mvua ilivyochukua jiko la jirani, jinsi maji yanavyotafuta njia, jinsi mizizi inavyoshika udongo, na jinsi mwandishi alivyomwomba Mungu ailinde nyumba yao, kisha akaenda kupanda nyasi nyuma yake. Mwishoni akafika kwenye jina, akavua miwani. Lilikuwa la Jeanine, binti yake.

"Nyasi ile ni yeye alipanda?" aliuliza. "Nilitaka kuing'oa."

Hapo mlango ukafunguka. Floribert alikuwa na matope mpaka magotini, abakosti imekwisha rangi yake. Hakusalimu.

"Sahihi yangu ya mwezi wa nane naiondoa," alisema. "Programu ni ya mwalimu huyu, na ni ya shule nzima. Ofisi ikitaka kunifukuza, inifukuze."

Papa Gaston alilifunga daftari polepole. "Kaa, kijana, unachafua simiti," alisema. "Tumekwisha kuamua." Akainua mkono wake, na mikono mingine ikafuata.

Nje, mvua ilikuwa imekatika. Floribert alijaribu kufuta matope, akayaongeza.

"Phrasie, nimetembea siku sita nikipanga maneno, yote yamepotea. Nataka kukuoa. Lakini baba yako ni Mushi wa Walungu, na mimi Murega wa Mwenga..."

"Na sitatoka Cimpunda," Euphrasie alisema. "Niko na darasa sita za kutengeneza. Uombe kazi hapa."

"Nitaomba Jumatatu. Nikifua nguo, nikipata na wajomba wa kunisindikiza, mwezi ujao nitaenda kumwona baba."

"Wajomba watakuja wakati wao. Baba yuko nyumbani sasa, hapo juu."

"Leo? Hivi nilivyo?"

"Leo," alisema. Akamshika mkono wenye matope mbele ya kamati nzima iliyokuwa ikitoka, wakaanza kupanda mteremko kwenda kwa baba yake.