Ngazi za Kilmorran

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya samaki. Si samaki wa kukaanga, bali wa kukaushwa kwa moshi, harufu nzito iliyochanganyika na ya sweta lililoloa. Chepkoech alifungua friji, akanusa sinki, akainama hadi chini ya kitanda cha mgonjwa wake. Hakuna kitu. Katika nyumba ile ya Springfield hakuna aliyekula samaki: Bibi Elspeth walimdhuru, na Chepkoech, mtu wa Nandi, aliwaona samaki kuwa ni nyoka waliopendelewa tu.

"Bibi, unaisikia harufu hii?"

"Ya bandarini," alijibu bibi kizee bila kugeuka kutoka dirishani. "Upepo umegeuka."

Nje ya dirisha hilo palikuwa na maegesho ya magari, na nyuma yake barabara kuu iliyonguruma mchana na usiku. Chepkoech alimfunika bibi blanketi magotini.

Alikuwa mlezi wa kulala hapo hapo. Binti yake, Jepkosgei, alimwacha kule Nandi kwa mama yake mzazi, ambaye mtoto humwita Kogo, yaani bibi, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Sasa mtoto alikuwa ameshang'oka meno ya mbele. Karatasi za Chepkoech hazijakamilika, na akitoka Marekani hataruhusiwa kurudi. Kwa hiyo alichobaki nacho ni simu ya Jumapili, na zoezi moja alilolificha kama mtu anavyoficha ulevi: kila akienda kulala hufumba macho, akatembea kichwani kutoka stendi hadi kwa mama yake. Kinu cha posho, misonobari, kisima cha shule, geti la waya. Getini humkuta mtoto amekaa anamngoja. Hapo ndipo usingizi humchukua.

Bibi Elspeth naye alikuwa na matembezi yake. Alizaliwa Kilmorran, mji mdogo wa pwani ya Uskoti, na ujanani kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni. Kazi hiyo hakuiacha hata alipozeeka na kuhamia mbali. Kila alasiri, baada ya chai, alishika fremu yake ya kutembelea, akamwongoza Chepkoech ndani ya nyumba. Korido ilikuwa Barabara Kuu. Choo kilikuwa jela ya zamani, walikofungwa wezi wa kondoo, na bibi hakuona kama hilo linachekesha. Kabati la vitabu lilikuwa abasia, nyumba ya watawa iliyochomwa enzi za vita vya dini, likabaki dirisha moja tu ambalo wageni hulipiga picha mpaka leo. Friji ilikuwa mnara wa saa iliyochelewa tangu ilipowekwa, na watu wa Kilmorran waliringia kuchelewa kwake.

Matembezi yaliishia kwenye ngazi za kushukia chumba cha kufulia. Hizo zilikuwa Ngazi za Bandarini. Pale bibi husimama, sauti ikashuka, akawataja waliozama siku ya dhoruba taa ya gati ilipozimika na mashua za samaki zikapigwa miambani. Majina yao yalichongwa ukutani kule. La mwisho halikuwa la mvuvi. Isobel Geddes, msichana mkata samaki, alikaa ngazini kumngoja kaka yake, watu wakamsihi aondoke, akakataa, mpaka wimbi likamchukua. Hakubaki ndugu hata mmoja wa kumlilia.

Siku moja Chepkoech alikuwa akikung'uta pazia la hapo huku akisikiliza. Vumbi likampanda puani, na bibi alipotamka tu "Isobel Geddes," alipiga chafya ya kutikisa ukuta.

Akacheka. Hakuwa amecheka na mtu kwa muda mrefu, na kicheko kilimlegeza ulimi. Akaeleza kwamba kwao mtoto akizaliwa, kina mama humnusisha ugoro kidogo huku wakiita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomkuta akipiga chafya, mwenye jina ndiye amerudi kupitia mtoto huyo.

"Basi Isobel amenichagua mimi!" alisema, akainamia giza la ngazi. "Karibu nyumbani, Isobel."

Bibi Elspeth hakucheka. "Hakuna aliyewahi kumkaribisha," alisema polepole.

Harufu ilianza kesho yake.

Kisha ngazi zikaanza kuloa. Chepkoech alizipangusa akisingizia bomba, akaita fundi, na fundi hakuona hata tone linalovuja. Kisha ikaja kengele, ya mbali, ya chini kwa chini, ikipigwa kana kwamba anayeipiga amechoka. Alasiri moja ya Desemba, giza likiwa limeingia kabla ya chai kupoa, alisimama juu ya ngazi na kapu la nguo mkononi, akasikia kule chini mtu akihema taratibu kama anayesikiliza, na alipotaka kurudi nyuma miguu ilikataa, kwa sababu harufu ya sweta lililoloa haikuwa inapanda tena kutoka chini bali ilikuwa imemzunguka, imemkaa mabegani na kwenye nywele, na akajua, kwa jinsi mtu anavyojua jina lake mwenyewe, kwamba huyo anayehema hakuwa chini tena.

Alipofumba macho siku hiyo, alianza stendi kama kawaida, akapita kinu cha posho, halafu badala ya misonobari ukaja mnara wa saa. Akarudi mwanzo. Safari hii hata kinu hakikuwepo. Alikuwa Barabara Kuu, juu ya mawe yaliyoloa, anateremkia baharini, na njia aliijua vizuri mno.

Jumapili Jepkosgei alipiga simu.

"Mama, Kogo ameleta mbwa! Tumuite nani?"

"Jina lolote zuri, kipenzi."

"Mbona unaniita kipenzi? Niite jina langu."

Chepkoech alifungua kinywa. Jina halikuwepo. Alilitafuta kila mahali, akaona majina ya wavuvi tu, yamejipanga ukutani. Mtoto alikuwa akingoja.

"Network ni mbaya," alisema, akakata. Akakaa sakafuni jikoni akalia mpaka kifua kikauma. Bibi Elspeth alipomwita kutoka chumbani, alimwita Isobel, na yeye akaitika.

Jumamosi asubuhi alikuja Goretti, Mkongomani wa Columbia Heights aliyempokea zamu kila wiki. Alikuwa mtu wa maombi, mkavu wa maneno. Aliingia, akanusa, akaweka mkoba chini.

"Dada, nani iko na weye humu?" alinong'ona.

Chepkoech alimweleza yote, akichungulia ngazi kila baada ya neno. "Nilikuwa najoke tu, Goretti. Si nilikuwa najoke?"

"Bale bantu benye kufa hawajue joke. Ulimupatia nyumba kwa kinywa yako." Goretti alimshika mikono, ilikuwa baridi. "Jina la mutoto wako ni nani?"

Chepkoech alitikisa kichwa, machozi yakimtoka.

"Vraiment, kweli? Basi leta simu. Tumupigie mama yako."

Kule Nandi ilikuwa jioni. Kogo alisikiliza bila kukatiza. "Mlango alioingilia ndio atakaotokea," alisema. "Nitaita watu wetu. Chepkoech akipiga chafya kwa jina la kwetu, amerudi kwetu. Ngoja nitoe ugoro wangu, bila ugoro siwezi kuita." Walisikia kifuniko cha kopo kikifunguka.

Huku hakukuwa na ugoro. Goretti alisaga pilipili manga kiganjani, wakakaa juu ya ngazi, simu ikiwa katikati yao na sauti imefunguliwa. Kogo akaanza kuita, jina baada ya jina, kwa sauti ile ile wanayotumia kina mama kwenye kitanda cha mzazi. Maji yalianza kusikika chini, yakipiga ngazi ya mwisho, kisha ya juu yake. Kengele ikalia. Chepkoech alivuta pilipili mpaka macho yakawaka, chafya ikagoma.

"Tapkigen," Kogo akaita.

Chafya ikamtoka mpaka akaanguka mbele. Tapkigen alikuwa bibi yake mzaa baba. Papo hapo akaiona misonobari, geti la waya, na mtoto getini.

"Jepkosgei!" alipiga kelele. "Jepkosgei wangu!"

Goretti aliruka juu kwa furaha, akanyoosha mkono gizani na kunguruma kwa nguvu zake zote: "Na weye toka! Isobel Geddes! Toka, Isobel Geddes!"

Kwenye simu, karibu na kopo la ugoro, kichafya kidogo cha mtoto kilisikika.

Hakuna aliyekijali. Wanawake wawili walikuwa wamekumbatiana wakicheka na kulia. Ngazi zilikuwa kavu. Nyumba ilinuka pilipili na chai, na chumbani Bibi Elspeth aliuliza, kwa huzuni, Isobel ameenda wapi.

Kesho yake, Jumapili, Chepkoech alipiga simu ya video yeye mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kulitamka lile jina mara mia. Jepkosgei alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya Kogo, jua kali la kiangazi likiwaka nyuma yake. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji.

"Jepkosgei, umemwagiwa maji?"

"Hapana, mama." Mtoto hakutazama simu. Alitazama mbali, kule kwenye mashamba ya chai, kwa utulivu wa mtu mzima. "Saa ya mnara imechelewa tena. Wamesema niondoke hapa ngazini, nimekataa."

Mtoto huyo hakuwahi kutajiwa Kilmorran, hata siku moja.

"Mwanangu, ingia ndani. Nisikilize, mama atakuja, sawa? Nitakuja."

Jepkosgei alitabasamu kwa lile pengo la meno. Nyuma yake, kule bara kusiko na bahari, kengele ilisikika.

"Usijali," alisema. "Nimezoea kungoja."