Kiraka cha Mdila wa Babu

Mustafa alikuwa fundi bati mtaa wa Kanyenye, mjini Tabora. Alitengeneza majiko ya mkaa na ndoo, na kutwa nzima nyundo yake ilisikika mpaka barabarani. Jioni alifunga kibanda, akanawa, akakaa barazani na mkewe Mwanahawa.

Binti yao Zamda alikuwa darasa la sita. Hesabu alizipenda, lakini historia ilimshinda. Jioni moja alikuwa akikariri, amefumba macho. "Misafara ilitoka pwani hadi Tabora. Wapagazi walibeba pembe za ndovu. Misafara ilitoka pwani..."

"Mpagazi ni nani?" Mustafa akamuuliza.

"Ni yule aliyebeba pembe za ndovu."

"Mtu wa wapi? Njiani alikula nini?"

"Hayo hayamo kwenye daftari, baba." Machozi yakamlengalenga. "Nimeshafeli tena. Bora niache tu kulisoma somo hili."

Mustafa alilichukua daftari, akalifunua. Yeye mwenyewe zamani alikariri hivyo hivyo, na yote yalishamtoka kichwani.

Kesho yake Zamda alirudi na ombi la mwalimu. Mwenye kitu cha zamani nyumbani akipeleke darasani.

"Si tuna mdila wa babu yako?" Mwanahawa akamwambia mumewe. Mdila huo ulikuwa birika la shaba la kahawa, lenye mdomo mrefu.

"Ule si wa kuchezewa na watoto. Tena una kiraka."

Kweli, ubavuni ulikuwa na kiraka cheusi cha chuma. Siku zote Mustafa aliuweka kabatini upande huo ukiwa umeelekea ukutani. Yeye fundi mzima, halafu nyumbani kwake kuna chombo chenye kiraka kama kile. Aliona haya. Lakini alipomwona Zamda ameinamisha kichwa, moyo ulimlainika.

"Haya, utaupeleka. Ila kwanza nikitoe hicho kiraka, niweke shaba."

Asubuhi aliushika mdila kibandani, koleo mkononi. Mara akaingia jirani yao Josepha, mfanyakazi wa makumbusho ya Kwihara. Alifuata jiko lake.

"Habari za kazi, Baba Zamda? Unataka kuufanya nini huo?"

"Kuutengeneza, mama. Watoto wauone ukiwa mzuri."

"Nakuomba usikiguse kiraka. Ukishakitoa, hatutajua tena nani aliuziba, wala kwa nini."

"Kwani kiraka kinafundisha nini?"

Josepha alitabasamu. "Nikikwambia, nawe utakariri. Leo mwalimu wao amenialika darasani. Twende, ukaulinde mwenyewe mdila wako."

Darasani Josepha alitandika kitambaa mezani. Aliwaambia wanafunzi wanawe mikono na kuikausha, kisha washike kwa mikono miwili, juu ya meza, mmoja mmoja.

"Msiniambie jina lake," alisema. "Niambieni mnachokiona."

Mwanafunzi mmoja akasema, "Chini umeungua."

"Hiyo inatuambia nini?"

"Ulikaa motoni."

Zamu ya Zamda ikafika. Aliugeuza polepole, akapapasa kiraka. "Hapa si shaba. Hapa ni chuma. Ulitoboka, ukazibwa." Akamtazama Mustafa. "Baba, wewe ungeuziba kwa kitu gani?"

"Kwa shaba, kama ninayo."

"Kwa hiyo huyu hakuwa nayo," Zamda alisema, akifikiri. "Mdila ulitoka mbali, labda pwani, ukatobokea huku. Na huku Wanyamwezi walikuwa wanafua chuma, wanatengeneza majembe. Tulisoma."

"Na nani aliuleta?" Josepha akauliza.

"Mpagazi. Aliubeba begani." Zamda akaupima uzito mikononi. "Naye alikunywa kahawa?"

"Labda hakuonja," msichana mwingine alisema kwa sauti ndogo. "Labda alimbebea mtu tu."

Hakuna aliyecheka.

"Chuma tumekiona," Josepha alisema. "Mpagazi tumemkisia. Andikeni tulichokiona upande mmoja, na maswali upande wa pili. Majibu tutayatafuta vitabuni na kwa wazee wenu."

Mustafa alisogea, akapitisha kidole gumba juu ya kiraka. Misumari midogo ilikuwa imegongwa kwa nafasi sawasawa. Miaka yote hakuwahi kuiangalia.

"Aliyefanya kazi hii alikuwa fundi," alisema.

Tangu hapo mwalimu aliendelea na njia hiyo. Watoto walileta vinu, mizani na jembe lililolika. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, Zamda alijaza ukurasa mzima kuhusu wapagazi, na alifaulu.

Darasa lilipokwenda Kwihara, Mustafa alifunga kibanda akafuatana nao. Mbele ya mlango wa mbao uliochongwa aliinama kusoma kibao cha maelezo. Zamda akamvuta shati.

"Baba, hicho baadaye. Kwanza tuangalie."

Mustafa akainuka, akafunga mikono nyuma, akaanza kuangalia.