Jina la Susu

Kila alfajiri, kabla malori hayajapanga foleni kwenye mizani ya Mlolongo, Nzilani aliamka, akapiga deki chumba chao na kumchemshia baba yake chai. Baba yake, Bwana Mutiso, alikuwa fundi wa breki za malori. Aliinywa chai hiyo akiwa amesimama, na kabla ya kutoka alisema maneno yaleyale, "Soma vizuri, mwaitu."

Mwaitu ni "mama yangu" kwa Kikamba. Usishangae mtu mzima kumwita mtoto wa miaka kumi na miwili mama yake. Katika ukoo wao, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na akishapewa huchukuliwa kuwa ndiye yeye. Kule Mitaboni Nzilani alikuwa na somo wake, Susu, yaani nyanya yake, mwenye jina hilohilo.

Susu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, Nzilani akiwa hajajua kutambaa. Walipalilia mbaazi pamoja, wakala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, katika sahani moja na kulala kitanda kimoja. Kisha macho ya Susu yakaanza kufifia, na mwezi wa Januari baba akasema mtoto aje akae naye mjini. Tangu hapo haikupita siku bila Nzilani kumtamani Susu. Alitamani harufu ya moshi katika leso yake. Alitamani hata kukemewa, maana baba hakuwa mtu wa kukemea. Kila walipozungumza kwa simu ya jirani yake aliuliza, "Utakuja lini, Susu?" Naye Susu alijibu, "Siku nitakayokuja kupimwa macho, nitapitia shuleni kwanza nikuone."

Shuleni, mambo yalikuwa yameharibika tangu siku ya kwanza. Wanafunzi wapya wa Gredi ya Sita walikuwa wawili. Mwalimu Mwongeli aliwaomba wajitambulishe. Mvulana aliyetangulia akasema anaitwa Nzau. Levi, ambaye mwenyewe ni Mkamba ila hupenda kusahau, akawaeleza wenzake kwamba nzau ni fahali. Basi darasa zima likaanza kulia kama ng'ombe. Zamu ya Nzilani ilipofika, ulimi wake ukateleza kwa makusudi.

"Naitwa Lavender Mutiso," alisema.

Hakudanganya sana, alijiambia. Lavender ni jina lake la ubatizo, ingawa hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulitumia. Akawa Lavender katika daftari la darasa, Lavender katika mchezo wa kati wa kukwepa mpira, Lavender kwa kila mtu. Lakini uongo mdogo hula na kunenepa kama nguruwe, na siku ya kuulipia ikafika mwezi wa Juni.

Ilikuwa Alhamisi, kipindi cha Hesabu. Mlinzi wa shule, Bwana Kimeu, alibisha mlangoni. "Samahani, mwalimu. Kuna mama mmoja mzee kwa lango. Anasema ametoka Mitaboni. Anatafuta mtoto anaitwa Nzilani, lakini hajui ni darasa gani. Nimepita madarasa yote, hili ndilo la mwisho."

Moyo wa Nzilani uliruka kwa furaha. Susu alikuwa pale, hatua hamsini tu kutoka alipoketi.

"Kuna Nzilani hapa?" Mwalimu Mwongeli aliuliza.

"Nzilani kwa Kikamba si ni njiani?" akadakia Levi. "Huyo alizaliwa kwenye mizani, akapimwa pamoja na malori."

Darasa likaangua kicheko. Nzilani alikuwa ameshaweka mikono juu ya dawati ili ainuke. Akairudisha chini taratibu. Aliona aibu, akaogopa, akajiambia kwamba mapumziko yalikuwa karibu na angekimbia langoni mara kengele ikilia.

"Hapa hatuna," mwalimu akamjibu mlinzi.

Kengele ilipolia, Nzilani alikuwa wa kwanza kutoka. Langoni hapakuwa na mtu ila Bwana Kimeu.

"Yule mama yuko wapi?" aliuliza akihema.

"Ameenda. Nilimwambia hatuna mtoto kama huyo, lakini alikataa kuamini. Amekaa kwa hilo jiwe karibu nusu saa, anasema mtoto wake hawezi kukosa kuitika. Mwishowe akasema labda amekosea shule. Kwani wewe unamjua?"

Nzilani alitazama barabara pande zote mbili, akaona malori na vumbi. Mtu aliyemngoja kwa miezi mitano alikuwa amekuja, na yeye mwenyewe ndiye aliyemrudisha. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na siku hiyo mjukuu alilia nyuma ya vyoo mpaka macho yakavimba.

Jioni baba alirudi. Alinawa grisi mikononi, akaketi. "Susu amepiga simu kutoka nyumbani Mitaboni. Ameniuliza kama nimekuhamisha shule bila kumwambia."

Nzilani alimweleza yote bila kuficha. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekuita mama yangu tangu siku uliyozaliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Leo umemfukuza mama yangu langoni." Kisha akaongeza, "Kesho utaanza na mwalimu wako. Jumamosi tutakwenda Mitaboni."

Asubuhi, Nzilani alisimama mbele ya darasa. "Jina langu ni Nzilani," alisema. "Yule mama wa jana ni nyanya yangu. Nilisikia kwamba ananitafuta nikanyamaza."

Mwalimu Mwongeli alichukua daftari na kuandika jina upya. "Mkataa kwao ni mtumwa," alisema. "Lakini anayerudi kwao hupokewa." Walipotoka nje, Nzau alimfuata akiwa amekunja uso. "Ungesema mapema," alimlaumu. "Miezi yote hii wananililia kama ng'ombe, na mimi nilidhani niko peke yangu."

Jumamosi walimkuta Susu akipepeta maharagwe barazani; baba alikuwa ameshamweleza kwa simu kuhusu jina la Lavender. Alimsalimu mwanawe, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Karibu, Lavenda," alisema kwa upole, kama anavyokaribishwa mgeni.

Nzilani alipiga magoti, akasema, "Susu, nilikuwa darasani. Nilisikia. Niliona haya kwa sababu ya jina, wenzangu walilicheka. Nisamehe."

Susu aliuweka ungo chini. "Unajua jina hili limetoka wapi?"

"Linamaanisha njiani."

"Hiyo ni nusu yake. Wazee wetu husimulia kwamba zamani sana njaa iliingia vilima hivi. Wanawake saba wakatoka kwenda kutafuta nafaka upande wa mto Tana, kule Kithyoko. Mmoja wao alikuwa mjamzito, na uchungu ukamshika kabla ya kufika. Akawaambia wenzake, 'Nendeni, watoto wenu wana njaa.' Wakakataa. Wakatua mizigo, wakamzunguka, wakamngojea siku tatu, nao hawana hata punje. Mtoto alipolia wakasema aitwe Nzilani, ili kila atakayelisikia jina hilo akumbuke kwamba watu walisimama njiani kwa ajili yake. Ni mtoto aliyengojewa. Nikapewa mimi, nikakupa wewe."

Nzilani alilia waziwazi, naye Susu akamvuta mpaka kichwa chake kikaegemea ile leso yenye harufu ya moshi. Baba akajifanya anatafuta kitu zizini.

"Sina hasira nawe, somo wangu," Susu alisema hatimaye. "Wanaocheka jina lako hawajui kisa chake, wasimulie. Lakini shika hili. Ukiulizwa jina lako, litaje hata kama watu wanacheka. Huenda anayekuuliza ametoka mbali, na hana kitu kingine cha kukutafutia."